UZI: Mwarobaini ni mti wetu Dodoma, lakini mafuta yake asinyweshwe mtoto

KivuliChaBahi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Naanza na la haraka, maana kuna atakayesoma aya mbili tu akaondoka. Mafuta ya mbegu za mwarobaini asinyweshwe mtoto. Si kijiko cha chai, si matone kwenye maziwa, wala si "kidogo tu cha kufungua kifua". Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu watoto wachanga waliofikishwa hospitali baada ya kunyweshwa mafuta haya nyumbani, kwa nia njema kabisa, kama dawa ya maradhi madogo madogo. Ndani ya saa chache mtoto anatapika, anasinzia, anahema haraka haraka, halafu degedege. Damu inazidi tindikali, ini linajaa mafuta, ubongo unaathirika. Dalili zinafanana na za ugonjwa wa Reye, ambao unaweza kuua mtoto aliyekuwa anacheza jana yake. Baadaye watafiti wakawapa wanyama wa maabara mafuta yale yale, na maini yao yakaharibika kwa namna hiyo hiyo.

Sasa hebu fikirieni mtoto huyo yuko kijijini kwetu. Homa, kutapika, kusinzia, degedege. Nani atawaza mafuta? Atahesabiwa ana malaria kali, au kuna watakaosema ametupiwa kitu, na kuna atakayeongeza kijiko kingine cha dawa ile ile. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka nimeamua kuandika. Sumu hii inajificha nyuma ya dalili za ugonjwa uliokuwa unatibiwa.

Mimi ni mfamasia, nimekulia Bahi, na mti wenyewe siupigi vita hata kidogo. Mji unaopata mvua kama milimita 570 kwa mwaka, karibu zote zikibanwa kati ya mwisho wa Novemba na Aprili, ukipata mti unaobaki na kivuli mwezi Septemba unashukuru. Asili ya mwarobaini ni India na Myanmar, na ni wa ukoo mmoja na mkangazi. Unastahimili udongo mwembamba na jua kali. Usichokipenda ni maji yaliyotuama kwenye mizizi. Ndiyo maana tangu kampeni ya Dodoma ya kijani ianze mwaka 2017 watu wengi wakiambiwa wapande mti wanaukimbilia huu.

Lakini tuseme na upande wake wa pili. Matunda yake yakiiva na kuwa ya njano huliwa na ndege na popo, na mbegu zinaangushwa mbali. Kwenye Hifadhi ya Taifa ya Saadani umeingia na kusambaa mpaka umekuwa mti vamizi, na jimbo la kaskazini mwa Australia wameutangaza rasmi kuwa magugu. Kwa hiyo uani, shuleni, kando ya barabara, sawa. Kuupeleka kwenye mapori ya migunga na mikwaju eti tunarudisha msitu, hapo nasema hapana. Msitu wetu una miti yake.

Jambo jingine ambalo halisemwi kabisa: kuna mti unaofanana nao, melia, na kuna watu wanaiita yote miwili mwarobaini. Melia maua yake yana rangi ya zambarau, ya mwarobaini ni meupe. Jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja chenye vijani pande mbili. La melia kikonyo kinagawanyika tena, vijani vinakuwa matawi ndani ya matawi. Tunda la melia ni la mviringo na hubaki limening'inia hata majani yakipukutika. Matunda ya melia ni sumu kwa binadamu na mifugo, nguruwe hasa. Anayechuma dawa bila kuijua tofauti hiyo anacheza na maisha ya watu.

Karibuni tujadili. Swali lolote leteni, kama jibu ninalo nitalitoa.

Mzee wa Mtera

Mwanangu, nimekusoma vizuri. Lakini mimi nimekunywa mwarobaini tangu utoto wangu, na wanangu nimewanywesha. Wote wako hai. Bibi yangu alikuwa akichemsha majani, tunakunywa kikombe, uchungu mpaka machozi, kesho yake tunachunga. Leo mnakuja kutuambia ni sumu. Hamuoni mnawatia watu hofu, wakaache dawa isiyo na gharama wakati dukani panadol yenyewe wengine hawaimudu?

KivuliChaBahi

Shikamoo mzee wangu. Nimeandika mafuta ya mbegu, na bibi alichemsha majani. Hivyo ni vitu viwili. Mbegu ndiyo ghala la mti, humo ndimo azadiraktini, kemikali ya mti huu inayovuruga wadudu, na ndugu zake wamejaa kwa wingi, na ukikamua mafuta unachukua vile visivyoyeyuka kwenye maji ukavikusanya kwenye chupa moja. Maji ya majani yanachukua sehemu nyingine, na kwa kiasi kidogo zaidi. Mtu mzima mwenye afya akinywa kikombe cha majani mara moja moja sitamwambia anakufa, maana si kweli.

Ila na wewe mzee niruhusu nikuulize kuhusu homa ya utotoni. Dodoma ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo nchini. Homa nyingi za watoto hapa ni mafua, ni virusi, ni tumbo, na nyingi zinaondoka zenyewe ndani ya siku mbili tatu. Mtoto akinywa majani leo na homa ikaondoka kesho kutwa, majani yanapata sifa. Hatuna mtoto wa pili mwenye homa ile ile ambaye hakunywa, tukalinganisha. Kazi ya utafiti ni kumtafuta huyo mtoto wa pili.

binti_makulu

Kaka mleta uzi, lakini si kuna utafiti unasema mwarobaini unaua vimelea vya malaria? Niliwahi kusikia darasani.

KivuliChaBahi

Ni kweli dada, na ni jambo la kuvutia sana. Gedunini, ambayo inapatikana kwenye mti huu, imeonekana kuua vimelea vya malaria kwenye vyombo vya maabara. Na azadiraktini inavuruga ile hatua ambayo vimelea vya kiume vinatakiwa kukomaa ndani ya tumbo la mbu, yaani inagusa maambukizi yenyewe. Wanasayansi hawakudharau.

Tatizo ni safari iliyobaki. Kitu kikiua vimelea kwenye chombo cha kioo, bado hujajua kama kinafika kwenye damu baada ya kupita tumboni na kwenye ini, kinafika kwa kiasi gani, na kiasi hicho kinamfanya nini mwenye ini. Artemisinini, dawa ya malaria, nayo ilianza kama mmea wa kienyeji China. Ikapita hatua zote hizo, mtafiti wake Tu Youyou akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na leo tunaimeza ndani ya ALu, yaani dawa ya mseto, ambayo hapa kwetu imekuwa dawa ya kwanza ya malaria tangu 2006. Mwarobaini haujapita kwa wagonjwa wa malaria kwa namna hiyo. Kwa hiyo mwenye homa apimwe kwanza. Kipimo cha haraka cha malaria kipo hata zahanati, ni tone la damu kidoleni. Kikionyesha malaria anatumia mseto na anamaliza dozi.

Mamake Neema

Asante kwa uzi kaka. Mama yangu ana kisukari, anameza metformini, na kila asubuhi anakunywa kikombe cha maji ya mwarobaini. Anasema sukari imeshuka. Na kweli tukipima imeshuka. Sasa nimkataze vipi?

KivuliChaBahi

Dada, usimkatalie kwa kumwambia ni uongo, kwa sababu huenda anasema kweli. India mwaka 2020 walichapisha utafiti wa wagonjwa wa kisukari waliokuwa tayari kwenye metformini, wakaongezewa dawa iliyotengenezwa kwa majani na vijiti vya mwarobaini kwa wiki 12, na sukari yao ilipungua kuliko wa kundi la kulinganisha. Utafiti mdogo, lakini upo.

Ndiyo maana nina wasiwasi naye zaidi. Kama maji yale hayafanyi kitu, yangekuwa uchungu wa bure tu. Kwa kuwa yanaweza kufanya kitu, basi yanaongezeka juu ya dawa aliyopewa na daktari, na daktari hajui. Kwenye ule utafiti kipimo kilikuwa kwa miligramu, sawa kila siku. Sufuria ya mama leo ina majani machanga, kesho makavu, leo amechemsha dakika kumi, kesho amesahau jikoni. Metformini ikiwa peke yake mara chache hushusha sukari kupita kiasi, lakini siku akiongezewa vidonge vingine au insulini, na akaendelea na kikombe chake, anaweza kutetemeka, kutoka jasho jembamba na kuanguka. Mwambie aende kliniki na aseme wazi anachokunywa. Daktari mzuri hatamgombeza. Na kama figo au ini lake lina shida, kikombe hicho akiache leo.

Mfano mwingine wa kipimo: mwaka 2004 huko huko India walitumia dawa ya magome ya mwarobaini kupunguza asidi ya tumbo kwa watu. Walitoa miligramu 30 mara mbili kwa siku kwa siku 10, na asidi ilipungua. Miligramu 30 ni kitu unachoweza kukiweka kwenye ncha ya ukucha. Sisi gome tunalibandua kwa panga na kulichemsha kwenye sufuria ya ugali.

Nipo_Uppsala

Wakuu, mimi mtoto wa Kondoa lakini nasoma Sweden. Huku kuna mti mmoja mweupe gome lake, betula. Ikifika mwishoni mwa Aprili na Mei wenzangu darasani macho mekundu, chafya, pua maji, wote wanaulaumu mti huo. Wanaangalia utabiri wa chavua kama sisi tunavyoangalia mvua. Nikajiuliza, mwarobaini mbona sijawahi kusikia mtu Dodoma akilalamika? Au ni sisi hatupimi?

KivuliChaBahi

Swali zuri sana, na majibu yote mawili yamo.

Betula unachavushwa na upepo. Hauna shida na nyuki, kwa hiyo hautengenezi maua ya kuvutia. Unaning'iniza vishada kama mikia, na kila kishada kinamwaga chavua kwa mamilioni, nyepesi, inayosafiri kilomita mamia. Ndani ya chavua hiyo kuna protini moja iliyopewa jina Bet v 1, na hiyo ndiyo mwili wa mtu mwenye aleji unaishambulia. Vinasaba vyake vilisomwa mwaka 1989, na leo ni kati ya protini za aleji zilizochunguzwa kuliko zote duniani. Kitu cha ajabu ni kwamba tofaa, karoti na karanga za huko ziitwazo hezeli zina protini zinazofanana nayo, kwa hiyo wengi wenye aleji ya betula wakila tofaa bichi midomo na koo vinawasha. Wakila lililopikwa hawadhuriki, moto unaivunja protini hiyo. Waulize wenzako hao, utashangaa.

Mwarobaini unategemea wadudu zaidi. Maua yake yana harufu tamu, nyuki wanayapenda, na chavua yake haipeperuki kwa wingi kama ile. Hata hivyo India wamewapima watu kwenye ngozi na kukuta wapo ambao miili yao inaitikia chavua ya mwarobaini, kwa hiyo aleji yake ipo. Na mafuta yake yakipakwa yanaweza kuleta vipele na muwasho kwa baadhi ya watu, hata kwenye ngozi ya mtu mzima. Kwa Dodoma, mtu anayepiga chafya kuanzia Machi hadi Mei nitayashuku majani ya nyikani yanayotoa maua baada ya mvua, na kiangazi nitalishuku vumbi kabla ya mwarobaini uliopo uani. Vipimo vya aleji vya ngozi kwetu ni vichache, hapo umesema kweli.

Na kwa kuwa umeutaja betula, nikuongezee. Gome lake limetumiwa kutibu vidonda kienyeji huko kaskazini kwa karne nyingi. Watafiti wakachukua viungo vya gome hilo, betulini ikiwa kiungo kikuu, wakatengeneza jeli na kuijaribu kwa wagonjwa 223 wenye ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi imenyuke kwa kuguswa tu. Kundi moja lilipakwa jeli yenye dawa, jingine jeli isiyo na dawa. Ndani ya siku 45 vidonda vilivyolengwa vilifunga kwa asilimia 41.3 ya waliopata dawa, na asilimia 28.9 kwa wenzao. Ulaya wakaiidhinisha mwaka 2022, Marekani 2023, inaitwa Filsuvez. Tazama, ni dawa ya bibi vilevile. Kilichoongezwa ni kundi la kulinganisha, kipimo kinachojulikana, na sehemu moja ya kuitumia: kwenye kidonda. Hakuna aliyeambiwa ainywe. Nautamani mwarobaini wetu ufikishwe hapo, na watu wa kuufikisha tunao. Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974.

Mzee wa Mtera

Hapo kwenye kulinganisha nimekuelewa. Sisi waganga wenyewe tunajua kila mtu na kipimo chake, wanaoharibu ni hawa wa kukamua na kutia chupa bila kumuona mgonjwa. Na kwa mjamzito mimi sijawahi kumpa mwarobaini. Nilivyofundishwa ni mwiko.

KivuliChaBahi

Mzee, mwiko huo ushikilie na uwafundishe wengine. Viungo vya mbegu za mwarobaini vimeharibu mimba za panya, nyani na tumbili kwenye utafiti, na wapo watafiti waliouchunguza mti huu kama njia ya uzazi wa mpango. Mjamzito na anayetafuta mtoto wasinywe, iwe mafuta au majani. Na waganga waliosajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002, ndio ningependa kuwaona mstari wa mbele kwenye hili, kwa sababu wagonjwa wanawasikiliza.

Kongwa_Mkulima

Mkuu mimi sinywi, mimi nanyunyizia. Viwavijeshi vamizi vimenimaliza mahindi. Nasikia mbegu za mwarobaini zinasaidia. Na majani kwenye ghala je? Hapa Kibaigwa wapo wanaochanganya na mahindi.

KivuliChaBahi

Hapo ndipo mti huu unapong'aa mkuu. Azadiraktini inamvuruga mdudu asile na asijivue gamba, kwa hiyo hafi palepale kama kwa dawa ya dukani, anadhoofika. Okota matunda yaliyoiva, yamenye upesi, osha, anika mbegu kivulini penye hewa. Siku ya kutumia bangua, chukua gramu 50 za kiini, twanga, loweka kwenye lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ishike kwenye majani. Nyunyizia jioni, kwa sababu jua linaivunja dawa hiyo haraka na pia nyuki wanakuwa wamelala. Rudia baada ya kama wiki. Viwavi vikiwa vidogo inafanya kazi. Vikishajificha ndani ya moyo wa mhindi umechelewa. Mabaki usiyamwage kwenye bwawa la samaki.

Ghalani usiyategemee majani. Yanapunguza baadhi ya wadudu, lakini dumuzi, yule mdudu wa mahindi ghalani anayeitwa pia Scania, aliyeingilia Tabora, hazuiliwi na majani makavu. Mahindi yaliyokauka vizuri kwenye mifuko isiyopitisha hewa ni salama zaidi.

Na kuna jambo ambalo sisi wa kanda hii tunapaswa kulijua kuliko wengine. Mwaka 2016 sumukuvu iliingia kwenye mahindi ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Ukungu ule ule unaotengeneza sumukuvu unapenda pia mbegu za mwarobaini zilizolala chini na unyevu au kuanikwa vibaya. Imepimwa na kukutwa humo. Kwa hiyo mbegu zilizokusanywa ovyo zikakamuliwa mafuta, anayeyanywa anaweza kuwa anakunywa sumu mbili kwa pamoja, na zote zinakwenda kwenye ini. Mbegu nyeusi zenye ukungu tupa, hata kama ni za kunyunyizia, maana unazitwanga na vumbi lake unalivuta.

binti_makulu

Na mswaki wa kijiti? Babu yangu meno yote anayo.

KivuliChaBahi

Aendelee, mradi ateme na asiumize ufizi. Maji ya kusukutua yenye mwarobaini yamejaribiwa mara kadhaa na kupunguza utando wa meno na kuvimba kwa fizi. Akiweza aongeze dawa ya meno yenye floraidi.

Mamake Neema

Kaka la mwisho. Jirani yangu ana mtoto wa miezi minane, na chupa ya mafuta hayo nimeiona kwake kwa macho yangu. Nimeshatuma uzi huu kwake. Ikitokea mtoto ameshanyweshwa, afanye nini?

KivuliChaBahi

Asimtapishe. Mafuta yakirudi juu yanaweza kuingia kwenye mapafu, na hapo anaongeza tatizo. Asimpe maziwa wala dawa nyingine ya kupoza. Asisubiri dalili, ampeleke kituo cha afya au hospitali mara moja hata kama mtoto anacheka, kwa sababu dalili zinaweza kuchukua saa kadhaa. Akiwa njiani na mtoto anasinzia au anatapika, amlaze kwa ubavu. Akifika aseme bila kuficha: amekunywa mafuta ya mwarobaini, kiasi fulani, saa fulani. Aombe wampime sukari mapema, kwa sababu inaweza kushuka. Na chupa yenyewe aibebe, pamoja na kijiko alichopimia.

Kama bado hajamnywesha, dada, nenda kwake leo. Usisubiri asome uzi.